Aliyehesabu Maneno ya Herodotus

Kuna kitabu ambacho sidhani mtu yeyote amewahi kukisoma kitandani. Ni kamusi ya maneno ya Herodotus, ilichapishwa Cambridge mwaka 1938. Maneno aliyoyatumia yule mzee wa Halicarnassus yamepangwa humo moja baada ya jingine, pamoja na mahali yalipo: kitabu gani, sehemu gani. Kompyuta hakuna. Ilikuwa karatasi, kalamu na subira ya punda. Aliyeitunga alikuwa kijana wa Birmingham anayeitwa Enoch Powell. Akiwa na miaka 25 alipewa uprofesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Sydney. Baadaye akashughulikia toleo la Oxford la Thucydides, na mwaka 1949 ikatoka tafsiri yake mwenyewe ya Herodotus. Yaani kama kuna Mwingereza wa karne ile aliyewajua wanahistoria hawa wawili mpaka kwenye mifupa, ni huyu.

Wengi wenu mnamjua kwa jambo lingine. Aprili 1968 alisimama Birmingham akatoa ile hotuba dhidi ya wahamiaji, na picha ya mto uliojaa damu akaiazima kwa Virgil, mshairi wa Roma. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kupiga kelele kuhusu Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza, ati wanakuja wengi mno. Sawa. Ndiye huyo huyo.

Lakini mimi ni mtu wa Hola, na sisi watu wa Hola tuna hesabu nyingine na Powell.

Wacha nieleze haraka kwa asiyejua. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa wa Mau Mau zaidi ya 80 walitolewa nje wakalime kwenye mifereji ya umwagiliaji. Hawa walikuwa wale walioitwa sugu, waliokataa kukiri na kukataa kazi. Kulikuwa na mpango, uliobeba jina la afisa wa magereza aliyeitwa Cowan, kwamba wakikataa washurutishwe kwa nguvu. Mkuu wa kambi, Sullivan, akautekeleza. Askari jela wakashika virungu. Jua lilipotua kulikuwa na maiti kumi, na baadaye wakafika 11. Serikali ya kikoloni ikatoa taarifa kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji. Maji! Ukilijua jua la Hola mwezi wa Machi utaona mtunzi wa uongo ule hakukosea mazingira. Alikosea kudhani madaktari hawataangalia mbavu.

Uchunguzi ukafanywa, ikajulikana ni kipigo. Hakimu aliyechunguza vifo akaamua kwamba haiwezekani kujua bila shaka ni mapigo gani yalikuwa halali na yapi yalikuwa haramu. Kwa hiyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Sentensi hiyo isome polepole.

Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huo, Bunge la Uingereza likajadili Hola. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa amelishikilia jambo hilo kwa miezi. Muda ulishavuka saa sita ya usiku Powell aliposimama. Alikuwa mbunge wa chama tawala, kwa hiyo aliowashambulia walikuwa watu wake mwenyewe.

Hotuba ile ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu kuna uvivu fulani siku hizi, kwamba mtu akishajulikana mbaya kwa jambo moja basi kila alichowahi kusema kilikuwa unafiki. Si kweli. Mbunge mwenzake wa upande huo huo alikuwa ameshasema hao waliokufa walikuwa chini ya ubinadamu. Powell akaikataa hoja hiyo kabisa: hakuna mwenye haki ya kumpima binadamu mwenziwe kisha aseme, huyu kwa alivyo, kifo chake hakina uzito. Akasema pia kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine cha Afrika. Na akakataa lawama iishie chini, kwa wale walioshika virungu au kwa mkuu wa kambi, akataka ipande ngazi mpaka kwa waliokuwa na mamlaka. Denis Healey wa Labour, ambaye hakuwa rafiki yake kisiasa hata kidogo, baadaye aliisifu kwa kuilinganisha na Demosthenes. Mgiriki tena. Hawa watu hawakuweza kupumua bila Wagiriki.

Mimi niliisoma mara ya kwanza nikiwa chuo, Nairobi, usiku, kwenye simu iliyopasuka kioo. Nilisisimka. Niliwaamsha wenzangu wa chumbani, manze, hebu sikieni huyu msee anavyosema kuhusu Hola. Mmoja alikuwa hajui Hola iko wapi, alidhani ni jina la mtu.

Mara ya pili niliisoma mchana na kalamu mkononi. Nikaamua kuzungushia duara kila jina la mtu. Maafisa wamo: Sullivan yumo, Cowan yumo, mkuu wa magereza yumo. Barua zao zimechambuliwa neno kwa neno, tarehe kwa tarehe, nani alimwandikia nani na akamaanisha nini, kama profesa anavyochambua maandiko ya zamani. Waliokufa ni idadi tu. Kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja mwenye jina.

Mtu aliyehesabu maneno ya Herodotus hakupata nafasi ya majina 11.

Utasema ilikuwa hotuba ya Bunge, si tanzia. Nakubali nusu. Ila nimekaa na jambo hili muda mrefu, na sasa nadhani tatizo halikuwa Powell peke yake. Nadhani usiku ule alizungumza kama Thucydides, na Thucydides ni mwalimu hatari kwa watu kama sisi.

Nieleze. Thucydides alikuwa jemadari wa Athens. Mwaka 424 kabla ya Kristo aliupoteza mji wa Amphipolis, akafukuzwa kwao, akakaa uhamishoni miaka 20 akiandika vita vile vile vilivyomfukuza. Ni mwandishi mkali. Anasema alihoji walioshuhudia, akakuta wanatofautiana, kila mmoja kwa upendeleo wake au kwa kumbukumbu yake, basi akachuja. Vizuri. Shida ni kwamba ule mchujo hatuuoni. Yale makapi ameyatupa wapi? Anakupa tukio likiwa limeshapigwa pasi, halina kunyanzi, na wewe msomaji unaamini kwa sababu sauti yake ni ya mtu asiyetania.

Na anapenda sana wenye nguvu wanapojadiliana. Chukua ule mjadala wa Mytilene, mwaka 427. Waathene wamepiga kura kuwaua wanaume wote wa mji ulioasi na kuwauza wanawake na watoto. Kesho yake wanajuta, wanajadili upya. Cleon anataka damu. Diodotus anasema waachwe. Lakini msikilize Diodotus anavyojenga hoja: hasemi ni dhambi, anasema haitufai sisi Waathene. Hoja yote ni kuhusu Athens, faida ya Athens, akili ya Athens. Diodotus akashinda, jahazi la pili likapiga makasia usiku na mchana, wapiga makasia wakila shayiri iliyochanganywa na divai na mafuta bila kusimama, likafika kwa nywele. Na hata hivyo waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi, zaidi ya elfu moja, waliuawa. Hao hawasikiki wakisema neno katika mjadala ule.

Powell ni Diodotus. Ni Diodotus mwenye moyo zaidi, nitampa hilo. Lakini swali lake kubwa ni lile lile: Uingereza ni nchi ya namna gani? Sisi ni watu wa namna gani? Hola ni kioo ambacho London inajitazama. Na kioo, ukishajitazama, hukiulizi kinaitwa nani. Tena jahazi lake lilikuwa limeshachelewa miezi mitano.

Hapa lazima nimtetee Thucydides dhidi yangu mwenyewe, maana kuna ukurasa wake mmoja ambao kila nikiusoma naiona Hola. Anasimulia kwamba Wasparta waliwaogopa watumwa wao, Waheloti. Siku moja wakatangaza: wale wanaojiona wamepigana vizuri zaidi kwa ajili yetu wajitokeze, tutawapa uhuru. Wakajitokeza, wakachaguliwa kama elfu mbili, wakavishwa mataji, wakazunguka mahekalu wakishangilia. Muda si muda wakatoweka. Na Thucydides, yule anayejua kila kitu, anakiri kwamba hakuna aliyejua kila mmoja wao aliuawa vipi.

Mistari michache tu, kisha anaendelea na safari ya jeshi. Hajaongeza chozi. Ila ameacha shimo lile wazi, hakulifukia kwa mkokoteni wa maji. Weka ukurasa huo kando ya uamuzi wa hakimu wa 1959, pigo gani halali na lipi haramu. Huyu Mgiriki hakuwa na daktari, hakuwa na shahidi, akasema hatujui. Wale walikuwa na madaktari na mashahidi tele, wakafika hapo hapo.

Sasa tuje kwa Herodotus, yule Powell aliyempa ujana wake.

Neno lenyewe tunalo, tunalitumia kila siku bila kuliwazia: historia. Katika Kigiriki cha Herodotus lilikuwa na maana ya kuulizauliza, upekuzi. Kazi yenyewe ni maswali. Anakwenda Misri, anapanda Mto Nile mpaka Elephantine, na akifika hapo anakuambia waziwazi: mpaka hapa nimeona kwa macho yangu, kuanzia hapa ni ya kusikia. Anasema kazi yake ni kusimulia yanayosemwa, ila halazimiki kuyaamini yote. Wapersia wanasema hivi. Wafoinike wanasema vile. Mimi naona hii ndiyo yenye akili, lakini wewe shika zote. Mara anaacha vita akakueleza mamba analala vipi na ni ndege gani anamsafisha mdomo. Msomaji wa Nairobi mwenye haraka anaweza kuchoka, kwa kweli kuna kurasa mimi huruka. Ile orodha ya kodi za mfalme wa Uajemi sijawahi kuimaliza.

Kwa sababu hii walimtukana. Plutarch aliandika kitabu kizima cha kumshutumu kwa roho mbaya, na mojawapo ya makosa ni kwamba aliwapenda mno wasio Wagiriki. Herodotus anafungua kazi yake kwa kusema anataka matendo makubwa ya pande zote mbili yasisahaulike, ya Wagiriki na ya wale wengine. Pande zote mbili. Mwaka 1949 Powell aliyatia maneno hayo katika Kiingereza kwa mkono wake.

Na kuna kisa cha Thermopylae. Kila mtu anawajua wale Wasparta 300, mmeona filamu, mmeona vifua. Herodotus anasema aliyajifunza majina yao, yote 300. Ebu fikiria. Vita vimekwisha miaka mingi, mtu anatembea anauliza, nani mwingine? Na baba yake anaitwa nani? Mpaka 300.

Lakini hakuyaandika. Ametaja machache tu, mengine akayaacha. Nilipoligundua hili nilimkasirikia kidogo. Umeyajua yote halafu unanyamaza?

Kisha nikajikuta palepale. Majina ya wale 11 wa Hola yapo, yalichapishwa katika nyaraka za serikali ya Uingereza mwaka huohuo wa 1959. Nimeyajifunza. Nimeyaandika kwenye makala hii mara tatu na kuyafuta mara tatu, kwa sababu orodha ninayoijua mimi iliandikwa na karani wa kikoloni au aliyemnakili, na baadhi ya majina yameandikwa kwa namna ambayo hakuna Mgikuyu angeandika jina la mtoto wake. Nikiyanakili hivyo, nimemnakili karani. Nikiyarekebisha kwa kubahatisha, nimebuni. Anayepaswa kuniambia ni mtu wa familia, Murang'a au Nyeri au kokote, atakayesema hapana, babu hakuitwa hivyo, aliitwa hivi. Sijafanya kazi hiyo. Kwa hiyo na mimi nimenyamaza, na sasa simdharau Herodotus kama nilivyomdharau.

Kuna mmoja ambaye tunaweza kumtaja kwa sababu alijitaja mwenyewe, mahakamani, London. Wambugu wa Nyingi alikuwa Hola siku ile. Alipigwa mpaka akapoteza fahamu, akadhaniwa amekufa, akalazwa pamoja na maiti. Miaka zaidi ya 50 baadaye alikuwa mmoja wa wazee walioishtaki serikali ya Uingereza, na Juni 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na kusema inasikitika. Angalia kilichotokea hapo: yule ambaye katika hotuba ya 1959 asingekuwa hata na jina amegeuka kuwa shahidi. Si hoja tena katika mdomo wa mtu mwingine.

Na kesi ile ilifufua ugomvi wa zamani wa Wagiriki bila watu kutambua. Caroline Elkins, Mmarekani, alitoa kitabu chake kuhusu kambi za Kenya mwaka 2005, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Alikuwa amekaa na wazee vijijini, akawasikiliza. Wakamvamia. Ati ameamini masimulizi ya wazee, ati takwimu zake zimepanda, ati mahojiano si ushahidi. Ukisoma mashambulizi yale utadhani unamsoma Plutarch. Mwaka huohuo David Anderson naye alitoa kitabu kuhusu walionyongwa, chenye mizizi katika rekodi za mahakama, na wengi wakakiona ndicho cha kuaminika kwa kuwa kina karatasi. Mimi navipenda vyote viwili, na kwa mpangilio wa hoja Anderson anamshinda Elkins, hilo halina ubishi. Kisha mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni katika jumba moja liitwalo Hanslope Park, na ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Mengine yalichomwa kabla ya uhuru. Yaliyobaki yakaonyesha wazee hawakuwa wakitunga.

Yaani karatasi zilikuwepo. Zilikuwa zimekaliwa. Wanaodai karatasi kwanza huwa hawaulizi funguo za kabati ziko kwa nani.

Sasa niwakosoe na hawa ninaowapenda. Katika vitabu hivi vyote, Hola ni mahali ambapo Wagikuyu walikufa. Basi. Joto, mbu, mamba, mbali. Unamaliza kusoma hujui kama palikuwa na watu wengine. Wapokomo wanaolima ukingoni mwa mto, Waorma na ng'ombe wao, Wamunyoyaya, hakuna. Kambi imetua kwenye jangwa tupu kama meli ya angani. Herodotus angeanza na sisi. Angeuliza mto huu unatoka wapi, kwa nini unafurika, nani anakula samaki na nani hali. Alieleza jinsi Misri ilivyojengwa na udongo ulioletwa na mto, na mtu huyo angeielewa Tana kwa siku moja: mto ambao mwaka 1989 uliamua kuhama njia na mradi wa umwagiliaji wa Hola, ile mifereji yenyewe iliyochimbwa kwa jasho la wafungwa, ukakauka. Pamba ikaisha. Hiyo nayo ni sehemu ya habari ya 1959 na sijaiona imeunganishwa na mtu.

Angeuliza pia kuhusu askari jela. Hili halisemwi kwa sauti. Walioshika virungu siku ile walikuwa Waafrika. Tangu nizaliwe sijakutana na mtu aliyeniambia babu yangu alikuwa askari wa kambi. Watu wote waliokuwa pale wamekuwa wajukuu wa wafungwa, au wajukuu wa watu waliokuwa safarini.

Na usidhani hatukuwa na njia zetu za kuulizia. Wapokomo wana gasa, baraza la wazee, ambapo jambo huzungumzwa na kila upande, mara nyingine hadi usingizi ukupate. Walikuwa na ngadji, ngoma takatifu, ambayo maafisa wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20 na hadi leo iko British Museum, London, imefungiwa stoo. Wimbo wa taifa unaousimamia wima umetokana na bembelezo la Kipokomo. Chini kidogo, upande wa Witu na Lamu, kuna habari za Pate, tarehe ya masultani wa Nabahani, ambayo imetufikia kwa nakala kadhaa zinazopingana, na nyingi zimetoka kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini. Mtu mmoja, kumbukumbu moja, nakala zinatofautiana! Wataalamu wamehangaika miaka ni ipi ya kweli. Mimi ningeziacha zipingane.

Kwa sababu nimeona kinachotokea zisipoachwa. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, katika delta, Wapokomo na Waorma waliuana. Riketa peke yake, siku moja ya Agosti, zaidi ya watu 50. Thucydides ana kurasa kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Corcyra, anaeleza jinsi maneno yalivyobadilika maana, ukichaa ukaitwa ushujaa na kusita kukaitwa woga. Nilizisoma baada ya Riketa na hapo alinishinda, sina la kumkosoa. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo yakibadilika kwa masikio yangu, stendi ya Garsen, kwenye foleni ya chai. Lakini ukiuliza leo ilianzaje, utapata simulizi mbili ambazo hazikutani popote, si mahali, si siku, si mnyama wa kwanza aliyeingia shamba la kwanza. Na kila upande una Thucydides wake, anayesimulia kwa sauti ya mtu asiyetania. Hakuna aliyekaa akaziandika mbili kwenye ukurasa mmoja.

Mimi nilijaribu mara moja kuwa Herodotus, si kwa Riketa, sina moyo huo, ila kwa 1959. Hola kulikuwa na nyanya mmoja, si wa damu, wa jirani, ambaye wakati wa kambi alikuwa msichana mdogo. Nilirudi nyumbani likizo nikaenda kwake jioni, nikabeba sukari na majani, nikaketi mkekani, nikawasha simu kurekodi. Shikamoo nyanya. Marahaba mwanangu. Nikauliza swali langu nililoliandika vizuri: unakumbuka nini kuhusu siku ile waliyokufa wafungwa?

Akanyamaza. Kisha akaanza kunieleza mafuriko ya 1961. Maji yalivyoingia usiku, mtumbwi wa baba yake, kuku waliopandishwa juu ya mwembe, ugali wa kuomba. Nikamrudisha polepole, nyanya, na wale wafungwa? Akasema, ndiyo, nakuja huko, kisha akarudi kwenye mwembe. Nilisubiri dakika nne. Nikajiambia mzee amechoka, anachanganya mambo, hii si habari niliyokuja kutafuta. Betri ilikuwa asilimia 18. Nikazima.

Aliendelea kuongea zaidi ya saa nzima, nami nikiitikia tu eeh, eeh, nikiangalia giza. Sikumbuki alichosema. Alifariki mwaka uliofuata.

Dakika zile nne ninazo bado. Mwishoni kabisa, kabla haijakatika, sauti yake inasikika kwa mbali kidogo: "Mbona umezima? Si nimekuambia nakuja huko?"